Hakuna Aliyeniuliza Kuhusu Mbuzi

Mama mkwe wangu alikuwa na mbuzi wa maziwa, na aliwapenda kuliko alivyonipenda mimi. Silisemi hili kwa utani. Akiwa jikoni aliwajua kwa sauti zao. Alijua yupi hali majani ya mgomba yaliyonyauka na yupi hakamuliwi mpaka akunwe kwanza chini ya kidevu. Mimi, baada ya miaka kadhaa ya kuolewa na mwanawe, alikuwa bado anasahau kwamba sinywi chai ya maziwa.

Anaishi Akheri, kijiji cha Wameru chini ya mlima, kwenye shamba dogo la migomba na kahawa aliloachiwa na marehemu baba mkwe. Mimi na mume wangu tulipanga chumba na sebule Kaloleni, mjini. Yeye ni fundi umeme wa majumbani. Mimi nashona mapazia na sare za shule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, niliinunua nikiwa bado kwa wazazi wangu Kilimanjaro, na nilipoolewa ndicho kitu pekee cha maana nilichoingia nacho. Kila mwisho wa juma tukipata nafasi tulipanda kwenda Akheri kumsalimia mama, na mimi sikuwahi kupanda nikakaa. Kule nilichota maji, nilipika, nilikata majani ya mbuzi. Hivyo ndivyo mkwe anavyotakiwa, na sikulalamika.

Mwaka huo mama mkwe alikuwa ameongeza majike wawili. Aliwanunua kwa mzee mmoja wa kitongoji cha juu, mtu mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, ambaye ng'ombe na mbuzi wake walisifiwa kijiji kizima. Wote wawili walikuwa na mimba tayari. Mama alijiona amepata bahati ya pekee. Alituita tuwaone, akatuonyesha kiwele kwa mkono kama mtu anayeonyesha kitambaa cha ghali.

Na mimi nilikuwa na mimba. Ya kwanza. Ilikuwa imevuka nusu ya safari, mtoto ameshaanza kucheza, na nilikuwa nimeshona vishuka vidogo kutokana na mabaki ya mapazia ya wateja.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka tulikuwa Akheri. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na mume wangu alikuwa ameshuka Tengeru sokoni kutafuta nyama. Nilikuwa namenya ndizi jikoni niliposikia mama mkwe ananiita kutoka bandani, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Njoo! Njoo haraka unishikie huyu!"

Mmoja wa wale majike wageni alikuwa amelala ubavu, anakoroma. Kitoto cha kwanza kilikuwa kimeshatoka, kimekufa, hakina manyoya, ngozi yake imelowa kama karatasi. Mama mkwe aliniambia nipige magoti nimshike mbuzi kichwa. Nikapiga magoti. Kitoto cha pili kilitoka kikiwa hai. Akanikabidhi mimi.

"Msugue kifua. Msugue, usiogope! Mfute pua."

Nilivua khanga yangu ya juu nikamfunika, nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua huku nimemkumbatia karibu na uso wangu kama mtoto wa mtu. Alipumua, akatulia, akapumua tena. Halafu akaacha. Niliendelea kumsugua muda mrefu baada ya hapo, mpaka mama mkwe akaniambia basi.

Kondo la nyuma lilikataa kutoka lenyewe, mama akalivuta kwa mikono mitupu na kulirusha nje. Mbwa akalichukua. Mimi nikaambiwa nisafishe. Nilifagia nyasi zilizolowa damu na maji ya uzazi, nikamwaga ndoo ya maji juu ya mbao, maji yakanirukia usoni na kifuani. Nikanawa kwa sabuni ya kufulia, nikarudi kumenya ndizi. Mchana tulikula vizuri tu. Mama mkwe alilia kidogo kwa ajili ya mbuzi wake, na mimi nikambembeleza.

Jumatatu ya Pasaka jike wa pili naye akatupa mimba. Safari hii mama aliogopa, akampigia simu bwana mifugo. Alifika kwa pikipiki ndani ya muda mfupi, na hapo nampa haki yake, maana ilikuwa sikukuu na barabara ilikuwa tope tupu. Alivaa gambuti. Alivaa koti la plastiki. Akatoa glavu ndefu, zile zinazofika hadi begani, akazivaa polepole mkono mmoja baada ya mwingine, nami nimesimama mlangoni mwa banda nimeshika ndoo ya maji ya moto aliyoniagiza.

"Vitoto viko wapi?" alimuuliza mama.

"Nimevizika, mwanangu. Kondo la kwanza mbwa amekula."

"Usimpe mbwa, mama. Hivi vitu vinazikwa chini kabisa, unamwagia chokaa. Na maziwa yachemshwe sana. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akawachoma sindano majike wote. Akasafisha gambuti zake kwa dawa, akavua glavu na kuzitumbukiza kwenye mfuko, akaufunga mfuko kwa fundo. Kisha akanigeukia, akatazama tumbo langu, akatabasamu.

"Hongera, shemeji," akasema, na akawasha pikipiki.

Hayo tu. Mtu aliyejua vya kutosha kujifunika mwili mzima alinikuta na tumbo mbele ya banda lile, na neno alilokuwa nalo kwangu lilikuwa hongera.

*

Homa ilinianza mjini, wiki chache baada ya Pasaka, mchana, nikiwa kwenye cherehani. Nilihisi baridi mgongoni ingawa jua lilikuwa kali. Kisha kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho, maumivu ambayo sikuwa nimeyapata maishani, kana kwamba mtu ananisukuma macho kutoka ndani. Jioni nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho.

Nilikwenda zahanati ya jirani. Daktari hakuinua macho.

"Tatizo?"

"Homa, daktari. Kichwa, na viungo vyote. Na nina mimba."

"Kapime malaria na taifodi."

Nikapimwa. Nikarudi na karatasi. Malaria haikuonekana. Taifodi, akasema, ipo kidogo. Na UTI. Katika mji huu sijawahi kumwona mtu aliyeingia zahanati na homa akatoka bila taifodi kidogo na UTI. Ni kama salamu.

"Daktari," nilisema, "nilikuwa shamba, sijui kama labda huko..."

"Mama, jibu ninachokuuliza."

Nikanyamaza, nikisubiri aniulize. Hakuniuliza chochote. Aliandika dawa.

Nilimaliza dawa zile na homa ikabaki. Nikarudi, nikapewa sindano. Nikaenda zahanati nyingine, nikaambiwa malaria imejificha, nikapewa dawa ya mseto. Nikaanza kukohoa kikohozi kikavu, nikaambiwa ni vumbi la vitambaa. Ujauzito wenyewe ukawa ndio jibu la kila kitu: nikisema nimechoka, ni mimba, nikisema nashindwa kula, ni mimba, nikisema natoka jasho mpaka godoro linalowa, mama, mimba ina mambo mengi. Nilimwambia mume wangu kwamba kuna kitu ndani yangu kinaniunguza. Alinishika mkono akasema tuvumilie. Mtu mpole sana, mume wangu. Nilikuja kuuchukia upole ule.

Siku moja mtoto hakucheza. Nililala ubavu, nikanywa maji ya baridi, nikakanyaga cherehani taratibu maana mlio wake ulikuwa ukimwamsha. Hakucheza. Kesho yake uchungu ukaanza.

Kuhusu alivyozaliwa nitasema machache. Alikuwa wa kiume. Alikuwa na kucha. Walimfunga kwenye kitambaa cha kijani wakamweka mahali ambapo niliweza kumwona ila sikuweza kumfikia, na nesi mmoja akaja kusimama kati yangu na yeye, ameshika kiuno.

"Ulikunywa nini?" aliniuliza.

"Dawa za taifodi. Na za malaria. Nilizoandikiwa."

"Sizungumzii hizo. Unanielewa. Ulikunywa nini?"

Chumba kile kilikuwa na wanawake wengine. Wote waligeuka kunitazama. Nilimwambia nimeolewa, nimemtaka mtoto huyu, nimemshonea vishuka. Akasema, "Wote mnasema hivyo," akaenda zake. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia neno kwa neno. Alitazama viatu vyake.

Nimesamehe watu wengi katika maisha yangu. Yule nesi bado.

*

Mama mkwe alishuka kutoka Akheri kuja kuniuguza. Alileta mtori kwenye chupa ya chai, akanilisha kwa kijiko kama mtoto, na kwa siku mbili za kwanza nilidhani tumekuwa mama na binti. Siku ya tatu nilimsikia sebuleni akiongea na mwanawe kwa Kimeru. Mimi ni Mchaga, Kimeru nakisikia nusu nusu, lakini nusu niliyoisikia ilitosha. Alisema ukoo wao haujawahi kupoteza mtoto namna hii. Alisema nimeikanyaga ile mashine kutwa nzima kwa tamaa ya hela na nikamkanyaga mjukuu wake humo humo. Mume wangu akamjibu kitu kifupi sana.

Nilipopata nguvu za kutoka chumbani, sebule ilikuwa na nafasi tupu pale chini ya dirisha.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Nimempelekea dada kule Olasiti," mume wangu alisema. "Kwa muda tu. Mama anaona upumzike."

"Nani kakwambia naumwa kwa sababu ya cherehani? Daktari?"

"Mama anaona..."

"Mbuzi wa mama walitupa mimba wote wawili. Na wao walikuwa wanashona?"

Nilisema vile kwa hasira tu, ili kumkata maneno. Sikujua nimesema nini. Mama mkwe aliingia kutoka uani akasema sasa nimefika mahali pa kujifananisha na mbuzi, na kama ndivyo tunavyofundishwa Uchagani basi yeye hana la kuongeza. Akafunga mzigo wake. Mume wangu akamsindikiza stendi.

Homa haikwenda kokote. Ilikuwa ikiondoka kwa siku chache, najipa moyo, kisha inarudi alasiri, baridi kwanza, halafu moto, halafu jasho. Nilikonda mpaka pete ikawa inachomoka kidoleni. Aliyeniokoa ni jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Tanga, anayepika vitumbua asubuhi. Alikuja kurudisha sahani akanikuta nimejikunja sakafuni, penye ubaridi.

"Mwanangu, hii homa gani isiyokuwa na jina?" alisema. "Vaa. Vaa viatu. Leo hatuendi hizi zahanati za kona."

Akanipeleka hospitali kubwa, akakaa na mimi kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, akigombana na kila aliyejaribu kuruka foleni. Daktari aliyetuita ndani alikuwa mwanamke, pengine mdogo kwangu kiumri. Alizisoma karatasi zangu zote za nyuma, moja baada ya nyingine, uso unazidi kukunjika. Kisha akazigeuza kifudifudi mezani.

"Dada, unaishi na wanyama?"

"Hapana. Naishi Kaloleni."

"Huendi shamba? Ukweni, nyumbani?"

"Naenda Akheri. Kwa mama mkwe."

"Anafuga?"

"Mbuzi."

"Kabla hujaanza kuumwa, kuna mbuzi aliyezaa ukiwapo? Au aliyetupa mimba?"

Nilitazama mikono yangu. Jirani yangu akaniuliza, "Vipi?" Nikaanza kulia kwa namna ambayo sikuwa nimelia hata siku ile hospitali, na katikati ya kulia nikaeleza: kitoto nilichokikumbatia, pua niliyoifuta, maji yaliyonirukia, khanga.

Aliniacha nimalize. Ndipo akanieleza, kwa Kiswahili cha kueleweka, na sikumsikia akitumia neno moja la kunitisha. Kuna ugonjwa unaitwa homa ya Kyu. Wadudu wake ni wadogo mno na wanakaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mnyama anaweza kuwa nao akanona, akang'aa, usimjue. Lakini anapozaa au kutupa mimba, wanatoka kwa wingi usioelezeka katika kondo la nyuma na yale maji. Mtu anawavuta kwa pumzi. Hata vitu hivyo vikikauka, wadudu wanabaki kwenye vumbi la banda. Kwa watu wengine ni mafua tu yanayopita, kwa wengine ni homa kali na mapafu, na kwa wachache unajificha mwilini na kuja kuharibu moyo. Kwa mjamzito ni hatari zaidi.

"Kwa hiyo ndio uliomuua mwanangu."

"Siwezi kukuapia hilo," alisema. "Mtoto hakupimwa, na sasa hatuwezi kujua. Na wewe mwenyewe sijakupima bado. Lakini hadithi yako inafanana nao kuliko inavyofanana na taifodi."

Nilimheshimu kwa kutoniapia.

Alichukua damu ili ipelekwe kwenye maabara yenye kipimo hicho, maana pale hakikuwapo. Alisema majibu yatachelewa na yeye hatayasubiri, akaniandikia dawa. Vidonge vya kawaida kabisa. Nilipovinunua, kijana wa duka la dawa alivivuta kutoka rafu ya chini bila hata kuangalia. Kumbe vilikuwapo muda wote. Nilipita mbele ya duka lile kila siku nikiwa nawaka moto.

Katika siku chache homa ilikatika. Niliamka asubuhi shuka likiwa kavu, nikakaa kitandani nikilipapasa, na badala ya furaha nikapandwa na ghadhabu iliyonitikisa kuliko homa yenyewe.

Majibu yalikuja baadaye sana, nikiwa nimeshamaliza vidonge. Ndiyo. Ilikuwa homa ya Kyu. Daktari akanipima moyo, akasema uko salama, akanitaka nirudi tena kila baada ya muda. Akaniambia pia kwamba zamani, walioigundua walipokuwa hawaijui ni nini, waliipa herufi Q, inayoanza neno la Kiingereza la kuuliza, na jina likabaki hilo hilo.

*

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mume wangu tunakwenda Akheri. Tulimkuta mama mkwe anachambua maharage barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alipoelewa ninakokwenda, aliacha maharage.

"Mbuzi wangu?" alisema. "Unataka kusema mbuzi wangu wameniulia mjukuu?"

"Nasema nilichoambiwa na daktari, mama. Na damu yangu imepimwa."

"Mimi nimezalisha mbuzi tangu msichana. Mbona sikufa?"

"Sijui mbona. Ila cherehani haikumuua mtoto. Hilo ninataka ulisikie kutoka kwangu, na mwanao akiwa amesimama hapa."

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: kama hao wadudu walikuja na wale majike wageni au walikuwa bandani kwake siku zote. Nikasema sijui. Akasimama, akakung'uta kitenge, akaingia ndani na kutoka na mtandio wa kichwani.

"Twende tukamuulize," alisema.

Mzee wa kanisa alitupokea vizuri sana. Alituwekea viti kwenye nyasi, akaita chai. Mama mkwe hakugusa kikombe.

"Wale majike ulioniuzia," alisema. "Walishatupa hapa kwako?"

Mzee alicheka kidogo. "Mama, mbuzi ni mbuzi. Ndiyo, walitupa. Msimu uliopita, na ule wa kabla yake. Ndiyo maana niliwatoa. Mbuzi asiyezaa unakaa naye wa nini?"

Alilisema waziwazi, bila haya, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupanda viazi.

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Nikasema, "Mzee, mimi nilikuwa mjamzito. Nilimshika mbuzi wako. Nimepoteza mtoto."

"Pole sana, binti. Pole. Hayo ni mapenzi ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu, mzee. Mbuzi walikuwa wako."

Mume wangu alinishika mkono. "Heshima," alininong'oneza. "Ni mtu mzima."

"Wewe nyamaza," nilimwambia, na sikunong'ona, "kama ulivyonyamaza hospitali."

Kisha mama mkwe akaanza. Alimwambia yule mzee maneno ya Kimeru ambayo sikuyaelewa na sikutaka mtu anitafsirie, aliyasema kwa sauti inayopanda mpaka majirani wakatoka kwenye migomba kuja kusikiliza, na yule mzee mwenye heshima zake akabaki ameshika birika. Nilidhani anapigana kwa ajili yangu. Tulipokuwa tunashuka ndipo nikang'amua, kwa vipande alivyorudia kwa Kiswahili, kwamba alikuwa akimtukana kwa kumuuzia mbuzi wabovu.

Nilitaka kumsukuma mtaroni. Sina neno zuri zaidi la kuelezea.

Bwana mifugo tulikutana naye siku hiyo hiyo, kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Nilimuuliza kama alijua. Alijikuna kidevu, akasema alihisi tu, kwa sababu mbuzi kutupa mimba wawili wawili hakukosi sababu, na sababu ziko nyingi.

"Na mimi uliniona."

"Nilikuona, shemeji. Lakini kazi yangu ni mifugo. Watu wana daktari wao."

"Daktari wa watu aliniambia nijibu anachoniuliza. Hakuuliza mbuzi. Wewe uliyewajua mbuzi ukaniambia hongera. Sasa mimi nilikuwa nimwendee nani?"

Kwa kweli simwoni kuwa mtu mbaya. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Nilisikia baadaye kwamba sasa akifika kwenye banda anawaambia wajawazito wakae mbali, na kwamba ameomba glavu za kuwagawia wafugaji na bado anasubiri. Nafurahi. Naona pia ilikuwa haki yangu kusikia hivyo kabla ya kuzika.

Cherehani mume wangu aliifuata Olasiti mwenyewe, jioni ile ile tuliyorudi. Aliibeba begani kutoka barabarani, akaiweka chini ya dirisha, akatia mafuta. Sikumrahisishia kwa kumshukuru. Ilituchukua muda mrefu kurudi kuongea kama zamani, na kuna mambo bado hatujaongea. Leo tuna binti, ameanza kutembea, anapenda kukalia kanyagio la ile mashine. Watu wanamtazama wananiambia, unaona, Mungu amekufuta machozi. Natabasamu kwa sababu ya adabu. Binti yangu ni binti yangu. Hakuletwa kufuta mtu yeyote.

Mama mkwe naye alipimwa. Nilimpeleka mimi, baada ya kumlazimisha, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka maumivu yake ya mgongo na jasho ambalo alisingizia umri. Na yeye alikuwa na homa ile, ya muda mrefu. Alimeza vidonge kwa miezi na miezi, akilalamika kwamba vinamtia kichefuchefu na kwamba jua linamuunguza. Alipona. Majike wageni aliwauza kwa mchinjaji, baada ya kumweleza sababu mbele ya watu, akakubali bei ya hasara. Hilo nampa. Banda akalihamishia mbali na jiko.

Kuomba radhi hakuniomba. Nilingojea. Nikiwa napika naye, nikiwa nakata naye majani, nilimpa nafasi nyingi.

Kisha Jumapili moja, masika ya mwaka uliofuata, tulikuwa Akheri na nikamsindikiza kanisani. Baada ya ibada wanawake walibaki kwa kikao chao, na katika mengineyo mama mkwe akasimama. Akawaambia kuna homa inatoka kwa mbuzi. Akawaeleza kondo la nyuma, vumbi, chokaa, maziwa. Alisema vizuri mno, kwa Kimeru na Kiswahili, akiwaonyesha kwa mikono namna ya kufunga khanga puani. Alisema mjamzito asikanyage bandani, hata mbuzi alie vipi.

"Umejuaje haya yote?" mmoja akamuuliza.

"Nilihangaika nayo mwenyewe," alisema. "Nikaenda hospitali, nikapimwa, nikafuatilia."

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili. Hakunitazama. Hakutaja kwamba alikuwa na mkwe, wala kwamba palikuwa na mtoto. Nilikuwa nimeshaanza kusimama niwaambie.

Lakini pembeni yangu alikaa msichana mwenye mimba kubwa, labda ya mwezi wa nane, na alikuwa ameinua mkono.

"Sasa nani atakamua?" aliuliza. "Kwetu nakamua mimi."

"Mumeo akamue!" mama mkwe akamjibu. "Ana mikono!"

Wanawake wakacheka kwa nguvu. Yule msichana hakucheka. Aliuliza tena, kwa makini, kama na kufagia asifagie, na mama mkwe akamwambia na kufagia asifagie, kabisa, mpaka ajifungue, na akija mtu kumgombeza amwambie aje kwake. Msichana akaitikia kwa kichwa. Nikakaa.

Tulipotoka nje mama mkwe alinisubiri kwenye ngazi.

"Nimesema vizuri?" aliniuliza.

"Umesema vizuri, mama. Ila mimi umeniacha. Na mwanangu umemwacha."

Alirekebisha kitenge chake begani, akaangalia mlima, ambao ulikuwa umefunikwa na wingu hadi chini.

"Yule binti asingenisikiliza kama ningelia," alisema. "Na ningemtaja mjukuu, ningelia."

Akatangulia kushuka. Nilibaki nimesimama kidogo, bado nina hasira, kisha nikamfuata kwa sababu tope lilikuwa linateleza na goti lake moja si zima.